Mwangwi wa Tangi la Kumi na Moja

Sarnia, Januari. Digrii ishirini na mbili chini ya sifuri.
Ngazi ya tangi imevaa barafu,
mto unaotutenga na Michigan umeganda kingoni,
katikati tu ndiko unakopumua.
Wiki tatu zilizopita Réjean Thibeault alipanda hapo
na utepe wa kupimia shingoni,
akashuka bila kuigusa ngazi.
Kifundo cha mkono, vipande viwili.
Amelala thelujini, bado akaitamka namba:
mita nne, nukta sita.
Tukaiandika.

Ndipo ofisi ikaniambia: Mwanaidi, chagua.

Katalogi saba mezani, zote zimejipamba.
Kizuri chajiuza, walisema;
siku hizi hata kizuri kina mtu wa mauzo.
Wetu alitoka Toronto na viatu vya ngozi,
akaapa chombo chake kinaona kila kitu.
Nikamuuliza: na povu?
Akanywa kahawa yake.

Maana hili si tangi la maji.
Humu hupikwa gundi ya mbao,
nzito kama uji uliosahauliwa mekoni,
ina mvuke, ina povu,
ina mwiko wa chuma wenye mapanga matatu
usiojua Jumapili.
Boya lilikuwapo, likanata:
mwezi mzima likashikilia kwamba tangi ni nusu.
Kipima shinikizo hubabaika
kila mapishi yakibadilika uzito.
Kile cha mawimbi ya sauti hupotelea mvukeni
kama mtu aitaye jina moja gulioni.
Na fimbo ya kuongozea wimbi? Nzuri, kwa dizeli.
Humu ingeota ndevu kabla ya Pasaka.

Ikabaki rada ya juu, isiyogusa kitu.
Ya gigahezi ishirini na sita, mwale wake mpana,
ungepapasa ukuta, ungepapasa mwiko,
ukarudi na habari za wote.
Ya themanini, mwale mwembamba,
hupenya kati ya panga na ukuta
kama uzi tunduni mwa sindano.
Bei mara mbili.
Mara mbili ya nini? akauliza Bi Kowalchuk wa fedha.
Nikamwonesha picha ya mkono wa Réjean.
Akatia sahihi, kisha, bila kuinua macho:
"Ungenionesha hesabu tu, ningesaini."
Hilo bado linanikaa kooni.

Tukakifunga usiku, vidole havinisikii.
Namba ya kwanza kwenye skrini: mita tisa.
Tangi limejaa!
Tangi lilikuwa tupu. Nilikuwa nimelimwaga mwenyewe.
Rada iliona panga likipita
ikadhani ndio uso wa gundi.

Debe tupu haliachi kuvuma, nalijua hilo tangu darasa la tatu,
ila hakuna aliyeniambia kwamba lazima ulisikilize.
Tukauwasha mwiko ndani ya utupu,
tukakiacha chombo kikae saa nzima
kikijifunza kila mwangwi usio na maana:
huu ni ulehemu, huu ni mdomo wa bomba,
huu ni mwiko, huu ni mwiko, huu ni mwiko.
Yote ikayaweka kando, wala haikuyafuta.
Ndipo tukafungua valvu,
na namba ikaanza kupanda polepole,
kibaba kwa kibaba,
na mimi sikupanda ngazi yoyote.

Alfajiri mama alipiga simu kutoka Tanga.
Hujambo mwanangu?
Sijambo.
Neno lilirudi upesi mno,
limegonga panga la karibu.
Mama hakulichukua. Hajawahi kusoma katalogi.
Akanyamaza, nikasikia feni yake ikizunguka
upande wa pili wa dunia.
Nakuuliza wewe, akasema.

Jibu la pili lilichelewa.
Lilikuwa linatoka chini.